Utemini: Kopo la Kichina pembeni ya vidonge vya bibi

Jina la Utemini linakumbusha enzi za watemi, lakini leo kata hii ya Manispaa ya Singida ni mitaa ya nyumba za kawaida, upepo usiokoma na mawe makubwa ya Singida. Kuku wa kienyeji wa mkoa huu hawahitaji kutambulishwa.

Hapa, kama kwingine nchini, bibi mwenye presha huishi na wanawe na wajukuu. Vidonge vya hospitali viko mezani. Pembeni si ajabu kukuta kopo la dawa ya Kichina, lenye maandishi ambayo hakuna nyumbani anayeweza kuyasoma.

Dawa hizo si za kudharauliwa. Dawa mseto ya malaria, ambayo wazazi wengi wamewahi kuwapa watoto, chanzo chake ni mmea wa Kichina, qinghao. Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kugundua artemisinini iliyomo.

Ila nyingine huufikia moyo. Ma huang ina efedrini, huongeza mapigo na kupandisha presha. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedrini ya mmea huo mwaka 2004, wakati watu wakivinywa ili wapungue unene. Fuzi, mzizi wa akoniti, lazima uchemshwe muda mrefu kupunguza sumu. Usipoiva, midomo na ulimi hufa ganzi, mtu hutapika, kisha mapigo ya moyo huvurugika na anaweza kufa. Gan cao, mzizi mtamu uliomo kwenye michanganyiko mingi, ukinywewa sana kwa muda mrefu hushusha potasiamu mwilini na kupandisha presha ileile anayoitibu bibi. Danshen nayo, inayosifiwa kwa moyo, humfanya anayetumia warfarini avuje damu kirahisi.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusimamia waganga na dawa zao, kwa hiyo kumuuliza muuzaji usajili wake si utovu wa adabu.

Kumwambia bibi "tupa hilo" hakusaidii. Atalificha chini ya godoro. Afadhali kopo liingie kwenye mkoba pamoja na kadi ya kliniki, daktari alione, hata likiwa tupu. Vidonge vya presha visiachwe. Na ganzi ya midomo ikianza baada ya kunywa dawa, asisubiriwe alale kwanza: apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na kopo lake mkononi.