Usalama Uanze Kwenye Zabuni

Mhandisi anayesimuliwa hapa ndiye anayeandika. Alipoanza kazi ya umeme Kampala, kulinda kituo cha kupoza umeme kulimaanisha ukuta, seng'enge na askari getini. Kisha mkongo wa mawasiliano ukafika vituoni, swichi zikaanza kuendeshwa kwa kompyuta kutoka mbali, na vikao vya mradi vikaendelea kujadili saruji, transfoma na tarehe.

Habari za Ukraine zilimshtua. Tarehe 23 Desemba 2015, wavamizi wa mtandaoni waliingia katika mifumo ya kampuni tatu za usambazaji wa umeme kwa kutumia manenosiri waliyoyaiba miezi kadhaa nyuma. Waendeshaji walitazama kishale kikitembea chenyewe kwenye skrini na kufungua swichi moja baada ya nyingine. Wateja wapatao 225,000 walikaa gizani kwa saa kadhaa, hadi mafundi walipokwenda vituoni kuzifunga kwa mkono.

Miaka michache baadaye, siku ya makabidhiano ya kituo kimoja, alifungua kabati la rilei akakuta modemu ndogo yenye laini ya simu, taa yake ya kijani ikimweka. Haikuwamo kwenye michoro wala kwenye orodha ya vifaa.

"Hiyo ni ya kutusaidia kurekebisha hitilafu tukiwa kwetu, Injinia," fundi wa mkandarasi alimweleza.

Nenosiri lilikuwa lile lile la kiwandani. Mhandisi hakutia saini siku hiyo.

Oktoba 2020 Waganda wengi wakaonja hatari ya kupitiwa mlango wa mtu mwingine: MTN, Airtel na benki ya Stanbic zilitangaza kusimamisha miamala kati ya benki na simu, chanzo kikiwa mfumo wa kampuni nyingine iliyoziunganisha. Mlango wa mshirika ni mlango wako pia.

Tangu hapo alishika jambo moja: kisichoandikwa kwenye zabuni ni vigumu kumdai mkandarasi baadaye. Akaanza kudai, kwa kufuata kiwango cha IEC 62443, orodha ya kila kifaa na kila programu. Manenosiri ya kiwandani yabadilishwe. Mkandarasi aingie kwenye mfumo kwa kuomba ruhusa, na njia ifungwe akimaliza. Majaribio kabla ya makabidhiano yakajumuisha kuzima seva na kuirejesha kutoka kwenye nakala ya akiba. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa fedha. Transfoma hudumu miaka 30 au zaidi, lakini programu inayoiongoza hukosa masasisho mapema zaidi, na matengenezo yake yasipokuwa na fungu lake ndiyo hukatwa kwanza.

Leo kituo cha kufua umeme cha Karuma kina uwezo wa megawati 600, na tangu mkataba wa kampuni ya Umeme ulipokwisha tarehe 31 Machi 2025, usambazaji uko mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL. Miradi mingi zaidi inakuja. Wewe unayeandaa zabuni ya kituo, bomba la maji au reli, andika masharti hayo kabla hujaitangaza, na usipokee funguo mpaka yamejaribiwa mbele yako.