Mtu Amekaa, Jitu Limekaa

Leo siasa nimeiweka kando. Kuna neno linanisumbua tangu wiki iliyopita, na sisi wa magazetini neno likikusumbua dawa yake ni kuliandika tu.

Chukua kitu kikubwa bila mpango. Kizito, umbo halieleweki, ukikibeba hujui ushike wapi, ukikiweka hakikai sawa. Kivumishi chake ni kipi? Sisi tunaotafsiri habari za mashirika ya nje tunakutana na jambo hili kila mara. Kiingereza kinaweka neno moja hapo, kinaendelea na safari. Mtafsiri anabaki anakuna kichwa.

Nikauliza chumba cha habari. Mmoja akasema, "Andika goigoi." Hapana. Goigoi ni mzembe, mzito wa kufanya mambo. Tunasema kijana goigoi, hata wakiwa kumi ni vijana goigoi, maana kivumishi hiki hakichukui kiambishi. Lakini kabati lina uzembe gani jamani?

Wa pili akaleta shaghalabaghala. Hilo ni la vitu vilivyovurugika, kila kimoja mahali pasipo pake. Nguo zilizo ndani ya kabati zinaweza kuwa shaghalabaghala, kabati lenyewe haliwezi. Wa tatu akasema benibeni, lakini hilo ni la kitu kilichokaa upande. Ukikinyoosha tatizo limekwisha. Mwenzetu mmoja wa pwani akatoa mrama. Zuri, lina harufu ya bahari, ila ni la chombo kinachoyumba. Linaeleza mwendo, halielezi umbo.

Jibu likatoka kwa mzee wetu anayesoma prufu. Hakuinua hata kichwa. "Mnahangaika na kivumishi cha nini, wanangu? Geuzeni jina lenyewe. Hilo ni dude."

Nikacheka, halafu nikakaa kufikiri. Mzee kasema kweli. Kiswahili mara nyingi hakitafuti kivumishi cha kazi hii. Kinahamisha kitu kutoka ngeli yake na kukitia kwenye ngeli ya ukubwa. Kisu kinakuwa jisu, mguu unakuwa guu, kitu usichokijua hata jina ni dude au dubwasha. Kivumishi kinachofuata kinaweza kuwa cha kawaida kabisa, kubwa, refu, zito, na bado msikilizaji akaona umbo zima. "Lile dude refu limeziba mlango." Hapo huhitaji kuongeza kitu.

Lakini si kila mara ni dharau. Mji umekuwa jiji, na hakuna meya anayelalamika. Mlango umekuwa lango. Nyoka akawa joka, ndege akawa dege. Kule Zanzibar, jengo la Beit el Ajaib lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash tuliliita Jumba la Maajabu kwa heshima, na tuliendelea kuliita hivyo hata baada ya sehemu yake kuporomoka Desemba 25, 2020. Kwa hiyo ngeli hii ina kukuza na ina kukejeli. Kwa vitu, muktadha unatuamulia, na hakuna anayeumia. Kabati haliendi kushtaki.

Kwa watu mambo ni mengine. Tazama sentensi hii: "Yule mtu mkubwa amekaa." Sasa geuza: "Lile jitu kubwa limekaa." Hesabu. Yule imekuwa lile, mtu amekuwa jitu, mkubwa imekuwa kubwa, ame- imekuwa lime-. Mabadiliko manne, na hatujaongeza tusi hata moja. Sarufi yenyewe imemtoa mtu kwa watu ikamweka na makabati.

Mnaosoma magazeti yetu mnalijua jambo hili. "Jibaba lanaswa." "Jizi lachezea kichapo." Vichwa hivyo vinauza, sikatai. Mimi nisingekuwa na ugomvi navyo sana kama asingekuja mama mmoja pale ofisini.

Alikuja na kipande cha gazeti, si letu, kimekunjwa mpaka kimeanza kuchanika. Mwanawe alikuwa ameshtakiwa kwa wizi wa pikipiki, na mahakama ilikuwa imemwachia huru. Karatasi ya hukumu alikuwa nayo mkononi. Alitaka tuandike kwamba kijana hana hatia. Tukamwambia tutaandika. Hakuondoka. Akaweka kidole juu ya ile habari ya zamani: "jizi hilo lilikutwa limejificha".

"Wizi hakimu ameufuta, baba," akaniambia. "Hili *li* nani atalifuta? Mtaani mpaka leo wanamwita hilo."

Sikuwa na jibu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Waandishi tunaifahamu, ndiyo maana tunaandika "anatuhumiwa", "inadaiwa". Halafu kiambishi kimoja cha herufi mbili kinatoa hukumu kabla ya hakimu, na hakuna rufaa.

Basi mimi nina utaratibu wangu. Nikiandika juu ya mashine, jengo, lori, au ripoti ya kurasa mia nane isiyosomeka, naachia: dude, dubwana, jiripoti zito. Nikifika kwa binadamu, awe mrefu kupita kiasi, mnene, anayechechemea, au mwenye pingu mikononi, ni yu na a mwanzo mpaka mwisho. Nikitaka umwone alivyo, nitakueleza: mabega yamegusa fremu ya mlango, suruali imeishia juu ya kifundo. Maneno yatakuwa mengi zaidi, lakini mtu atabaki mtu.

Habari ya yule kijana tuliichapa, ukurasa wa ndani, aya nne. "Kijana huyo ameachiwa." Niliisoma mara mbili kuhakikisha kila a- iko mahali pake.

Haya, niambieni wenzangu. Kwenu kabati lisilopita mlangoni mnalisemaje? Kama kuna kivumishi nakitaka, ila kiwe cha kabati tu.