Mnasubiri Mfadhili wa Bembea?

Ndugu zangu wa kwetu Kiloleli, Usukumani.

Ujumbe wenu wa sauti umenifikia, na umeniudhi. Mnasema bembea za watoto ziliota kutu, zikauzwa kama vyuma chakavu, na sasa kamati yenu inaniomba nitafute mfadhili huku Marekani atujengee uwanja wa michezo. Sikumtafuta. Niliwapakia wanangu kwenye gari tukaenda Elysburg, Pennsylvania, kwenye bustani ya michezo iitwayo Knoebels, na ninayotaka kuwaambia nimeyatoa huko.

Bustani hiyo ni mali ya ukoo mmoja. Akina Knoebel walikuwa watu wa msitu na kupasua mbao. Wenyeji walizoea kuja na magari ya farasi kuoga kwenye kijito chao, na mzee wao, badala ya kuwafukuza, akaona riziki: akawawekea pa kukaa, akawalishia farasi kwa malipo kidogo. Mwaka 1926 ukoo ukaifungua bustani rasmi. Vizazi vimepokezana, na mpaka leo wenyewe ndio wanaoiendesha, katikati ya miti ileile.

Getini hakuna anayekudai kitu. Kuegesha gari ni bure, kuingia ni bure. Unakuja na chakula chako, unakaa kwenye meza kivulini na bibi na wajukuu, na unaweza kurudi nyumbani bila kutoa hata senti. Unalipia kile tu unachopanda, kwa tiketi. Kwenye bustani kubwa za makampuni, familia hulipa pesa nyingi kabla haijaona chochote.

Lakini kilichonishika ni ukongwe wa vitu. Kuna duara la farasi 63 wa mbao, waliochongwa kwa mkono, linalozunguka kwa muziki wa kinanda. Lilitengenezwa mwaka 1913. Anayepanda farasi wa nje hunyoosha mkono achomoe pete kila anapopita, na akibahatika kupata ya shaba, anapanda tena bure. Binti yangu alikosa, akalia, akataka kurudia! Kuna pia Phoenix, reli ya mbao inayopandisha vigari juu ya mnara kisha kuviachia vishuke kwa kasi, watu wakipiga mayowe. Ilijengwa mwaka 1947 kule San Antonio, Texas. Bustani ya kule ikafungwa, reli ikaachwa ioze. Akina Knoebel wakaifuata, wakaifungua ubao kwa ubao, kila ubao ukapewa namba, ikavushwa nchi kwa malori, na mwaka 1985 ikasimama tena. Leo watu husafiri kutoka mbali kuja kupanda kitu ambacho wengine walikitupa.

Sisi je? Kikiwa kipya tunakata utepe, tunapiga picha, kiongozi anahutubia. Bolti ya kwanza ikilegea, hakuna mwenye spana. Pampu ya kisima ilikufa hivyo, paa la zahanati likavuja hivyo. Huku Knoebels mafundi hukagua kila mashine asubuhi kabla mtoto wa kwanza hajapanda. Kimbunga Agnes kilipoleta mafuriko mwaka 1972 bustani ilizama. Mwaka 2011 maji yakaja tena. Wakazoa tope, wakafungua.

Msiniambie wao wana pesa. Nyinyi ndio mnaoendesha baiskeli vumbini kutwa nzima kwenda kuona wachezaji ngoma wa Bagika na Bagalu wakishindana baada ya mavuno. Nani aliwafadhili ngoma hizo za mbina? Nani aliwalipa vijana wa basumba wakalima shamba zima kwa ngoma ya bugobogobo? Nguvu hiyo mnayo tangu enzi za mababu, ila kwa watoto wenu mmeikunja mkaiweka uvunguni.

Basi fanyeni hivi. Chagueni eneo lenye mti mkubwa, kwa sababu kivuli ndicho kitakachowaleta akina mama. Pandeni miti mingine mvua zikianza, na muizungushie miba ng'ombe wasiingie. Bembea ya kwanza aitengeneze seremala wetu kwa magogo na kamba nene. Mkokoteni uliokufa una magurudumu mawili na ekseli, mchomeleaji atatoa duara la kuzunguka. Msitoze kuingia. Tozeni kidogo kwa kupanda, mama zetu wauze mihogo na soda, wazee wapate pa kuchezea bao la isolo. Kila shilingi iandikwe daftarini, na sehemu ya kwanza inunue grisi na bolti kabla ya posho ya mtu yeyote. Chombo kikitikisika, kifungwe siku hiyohiyo, hata kama ni sikukuu.

Pesa ya bolti na kamba nitatuma mimi. Kabla sijatuma, nileteeni majina ya watu watatu watakaokagua kila asubuhi, na mmoja wao awe mama.