Cheche Iliyotangulia Mno

Injini ikigonga mlimani, wengi wetu huhukumu mara moja kwamba pistoni zimekwisha. Hukumu hiyo nusura ituondolee nyumbani Peugeot 404 aliyoiacha marehemu babu, gari la aina ile ile ambayo Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda nayo mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967. Gereji moja ilikwisha kumshauri mama aifumue injini yote, na kaka yangu, kwa kuchoshwa na gharama, akaleta mnunuzi wa vyuma chakavu. Mama, mjane aliyestaafu ualimu, hakujibu neno. Gari hilo ndilo humpeleka Iringa kwa dada yake mgonjwa.

Fundi mmoja mzee, jirani yetu hapa Morogoro, aliomba alitazame kabla halijauzwa. Hakugusa pistoni. Alichomoa mpira mwembamba uendao kutoka kabureta hadi distribyuta, akaufyonza kwa mdomo.

"Binti yangu, tazama sahani ya pointi. Imesogea?"

"Haijasogea, Mzee."

Kiwambo kilichomo ndani ya kikopo cha distribyuta kilikuwa kimepasuka.

Hapa yafaa nieleze. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote kwa mkupuo. Huchukua muda, hivyo cheche sharti itangulie kabla pistoni haijafika juu. Injini ikienda mbio, vizito viwili ndani ya distribyuta hutanuka na kuitanguliza zaidi. Lakini dereva akikanyaga kidogo tu katika tambarare, silinda hupata mchanganyiko haba, nao huwaka polepole. Cheche huhitaji kutangulia zaidi tena. Hiyo ndiyo kazi ya kiwambo: mvuto wa hewa katika kabureta hukivuta, nacho huivuta sahani. Dereva akikanyaga sana mlimani, mvuto hupungua, kiwambo hulegea, cheche hurudi nyuma.

Kilipopasuka, gari likawa zito na lenye kula petroli. Yamkini fundi fulani, badala ya kutafuta sababu, aliizungusha distribyuta nzima ili cheche iwahi. Tambarare gari likachangamka. Mlimani, moto ukaikuta pistoni ingali inapanda. Ndio mgongano tuliousikia Kitonga. Hali hiyo ikiachwa hutoboa pistoni, na hapo gereji ingekuwa imesema kweli!

Mzee alifunga kikopo kizima kutoka gari jingine. Akapima nafasi ya pointi, milimita 0.4, maana nafasi hiyo ikiguswa baadaye taimingi nayo huhama. Kisha akatia kijiti cha chuma katika tundu la nyumba ya klachi, akaizungusha injini kwa mkono hadi kijiti kikanasa kwenye alama. Akaunganisha taa ndogo na waya wa pointi, akaizungusha distribyuta taratibu mpaka taa ikawaka, dalili kwamba pointi zimefunguka. Akakaza skrubu, akachomoa kijiti.

Wapo mafundi wajisifuo kwamba sikio latosha. Siwaamini. Huyu mwenye sikio la miaka mingi alianza na taa. Sikio alilitumia Alhamisi, tulipopanda Kitonga kwa gia ya pili, mguu umekanyaga hadi chini, yeye ameinua mkono tusizungumze. Injini haikugonga hata mara moja.

Mnunuzi alipofika Jumamosi alikuta mlango umefungwa. Mama alikuwa Iringa.