ABS na Barabara Yetu

Watu wengi hapa Sakina, wakilisifu gari, husema, "Hili lina ABS," kana kwamba wamesema haliwezi kupata ajali. Tangu barabara ya njia nne ya kutoka kwetu mpaka Tengeru ikamilike, baadhi ya madereva wameigeuza uwanja wa mbio, na sisi wanafunzi ndio tunaoivuka kila asubuhi. Kwa hiyo nilitaka kujua ABS ni kitu gani hasa.

Gurudumu linalozunguka hushika barabara. Likikamatwa na breki mpaka likagoma kabisa, huteleza, na gari linaloteleza halifuati usukani. Uzungushe upendavyo, litakwenda huko huko lilikokuwa likienda. Zamani madereva walifundishwa kukanyaga na kuachia breki upesi upesi ili magurudumu yasigome. ABS hufanya kazi hiyo yenyewe. Vifaa vidogo hupima mwendo wa magurudumu. Moja likitaka kugoma, kompyuta hupunguza mgandamizo wa mafuta ya breki yake, kisha huurudisha, mara nyingi katika sekunde moja. Ndiyo maana dereva huhisi pedeli ikitetemeka. Wengine hushtuka wakaondoa mguu, kumbe yawapasa kuzidi kukanyaga na kuendelea kuongoza gari. Ufundi huu ulitangulia kutumika katika ndege. Mwaka 1978 ABS ya kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuwekwa katika magari ya Mercedes-Benz.

Basi, faida yake kubwa ni kumwezesha dereva kukwepa huku akifunga breki. Tairi kipara halina cha kushika, hasa siku ya mvua, wala ABS haiwezi kuliotesha meno. Katika njia zetu za kokoto za kupanda upande wa Mlima Meru, gari lenye ABS laweza hata kuchelewa zaidi kusimama, kwa sababu gurudumu lililogoma hukusanya kokoto mbele yake, na rundo lile hulizuia. Mwendo nao una hesabu yake: gari liendalo kilomita 80 kwa saa, tangu breki zishike, huhitaji nafasi mara nne ya lile liendalo 40. ABS haifuti hesabu hiyo.

Tena, ABS si breki. Ni msimamizi wa breki tu. Tarehe 24 Februari, 2024, hapo Ngaramtoni, mwendo mfupi kutoka kwetu, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakafa. Ilielezwa kwamba breki za lori zilishindwa kufanya kazi. Zikishindwa breki zenyewe, msimamizi atasimamia nini?

Mwalimu wetu wa fizikia alinieleza habari ya taa. Ufunguo ukizungushwa, taa ya ABS huwaka kidogo, kisha huzimika. Ikibaki inawaka, ABS ina hitilafu, ingawa breki za kawaida zaweza kuwa nzima. Isipowaka hata kidogo, yafaa kushuku zaidi, maana wako wauzaji wanaong'oa balbu ili mnunuzi asiulize maswali.

Jumamosi nilimwomba mjomba wangu, aliyekuwa amenunua gari lililokwisha kutumika, azungushe ufunguo tutazame. Taa ya mafuta iliwaka, ya betri ikawaka, ya mkanda ikawaka. Ya ABS haikuwaka. Alijaribu mara tatu. Kisha akachomoa ufunguo, akafunga mlango, akaenda kwa miguu kumtafuta fundi.