Ladha ya Korosho Pasipo Korosho

Ulimi wa mzee huweza kuchoka kabla ya miguu. Tangu mama watoto afariki, chakula kilikuwa kwangu shibe tu, na bia ilikuwa uchungu na baridi. Nilidhani hiyo ndiyo hatima ya umri wangu.

Nilipomtembelea binti yetu huko Leeds, Uingereza, alinimiminia Nut Brown Ale ya kiwanda cha Samuel Smith, kilichoanzishwa mwaka 1758 katika mji wa jirani wa Tadcaster. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea. Funda la kwanza lilileta utamu wa sukari guru; la pili, korosho zilizokaangwa; mwishoni, uchungu mdogo kama wa ganda jembamba la karanga.

Jina lataja njugu, lakini ndani hamna hata punje moja. Ni shayiri iliyooteshwa ikawa kimea, kisha ikakaushwa kwa moto mpaka ikageuka rangi. Ni kazi ileile ya moto inayonukiza karanga kikaangoni na ukoko chunguni.

Marehemu alikuwa hodari wa kukaanga karanga. Aliziepua mapema kidogo, akisema zitamalizikia kuiva ungoni. Funda la tatu nikakaa nalo kinywani, nikamkumbuka bila machozi kwa mara ya kwanza.

Binti akataka kuniongezea. Nikamwambia chupa moja, yenye kileo cha asilimia 5, yamtosha mzee. Kesho atafute karanga mbichi, nitazikaanga mwenyewe.