Mama Apaa Bila Tiketi

Jamani vijana, ile miwani ya kompyuta si mchezo wa watoto tu. Mama yetu anatakiwa India kupasuliwa moyo, na ndege anaiogopa ile mbaya. Basi tukampeleka, familia nzima, kwenye kiti cha kuigiza urubani. Akavaa miwani, kiti kikayumba. "Yarabi!" Mdogo wangu akamshika mkono.

Kichefuchefu kikamwanza: macho yanasema unapaa, sikio la ndani linakataa. Kijana wa pale akamwambia, "Mama, fumba macho kidogo." Akatulia, akaendelea.

Mambo haya si ya jana. Mmarekani Edwin Link aliunda mashine yake mwaka 1929, marubani wajifunzie ardhini. Abiria naye asijifunze?

Mama alivua miwani, akajifuta jasho: "Mkate tiketi. Ila dirishani sikai ng'o!"